Mali Iliyolala Daftarini

Kila Divali wazee wetu huweka daftari jipya la hesabu mbele ya Lakshmi na Saraswati, nasi huiita ibada hiyo Chopda Pujan. Ukurasa wa kwanza huandikwa maneno mawili, Shubh na Labh, yaani heri na faida. Majirani zetu wa Kisutu wameyaona mara nyingi milangoni mwa maduka yetu. Katika toleo hili la maadhimisho ya hekalu tumeona vema kueleza kisa cha mtu asiye wa jamii yetu, aliyeliheshimu daftari kwa kulisoma.

Benjamin Graham alizaliwa London mwaka 1894, akakulia New York. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamuru Standard Oil, kampuni ya mafuta ya Rockefeller, ivunjwe, zikapatikana kampuni 34. Zilizokuwa kubwa ziligombewa. Nane zilikuwa ndogo, za mabomba ya kusafirishia mafuta. Kazi yao ilikuwa ikipungua, na madalali wa hisa walizipita kama mteja apitavyo duka lenye vumbi.

Mwaka 1926 Graham alikuwa akisoma ripoti ya tume ya serikali iliyosimamia reli na mabomba. Humo aliona kwamba takwimu zilitokana na hesabu ambazo kampuni zenyewe ziliwasilisha Washington. Akapanda treni, akaenda kuomba majalada. Hisa moja ya Northern Pipe Line iliuzwa dola 65, na bado kampuni ilikuwa imeweka hatifungani za reli na mali nyingine rahisi kugeuzwa fedha, zenye thamani ya dola 95 hivi kwa kila hisa. Ni sawa na kuuziwa mkoba kwa bei iliyo chini ya fedha zilizomo ndani yake! Wala hapakuwa na siri. Majalada yalikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuyafungua.

Akanunua hisa 2,000 kati ya 40,000, kisha akawaomba wakuu wa kampuni wawarudishie wanahisa fedha zisizohitajika kazini. Wakamjibu kwamba asiyeridhika auze hisa zake aondoke. Januari 1927 alisafiri hadi Oil City, Pennsylvania, kuhudhuria mkutano mkuu. Aliwakuta wafanyakazi wachache wa kampuni, wala hapakuwa na mgeni mwingine. Hoja yake haikupata wa kuiunga mkono, na mkutano ukafungwa. Sisi tuliowahi kuketi katika mikutano ya namna hiyo tunaijua ladha yake, na wengi wetu tungeishia hapo. Yeye alitumia mwaka mzima kuwaomba wanahisa wenzake idhini ya kuwapigia kura. Mwaka 1928 alirudi na kura za kutosha kupata viti viwili kati ya vitano vya bodi. Haukupita muda, kampuni ikagawa dola 70 kwa kila hisa, na hisa zenyewe zikabaki na thamani.

Isidhaniwe kwamba njia hiyo haina miiba. Baina ya 1929 na 1932 mfuko aliousimamia Graham ulipoteza takriban asilimia 70, na fedha za mkopo alizokuwa amenunulia hisa zilizidisha maumivu. Wazee wetu, waliouogopa mkopo wa biashara kuliko simba, wasingeshangaa.

Hapa Dar es Salaam soko la hisa lilianza kazi Aprili 1998, na kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa ya gesi za viwandani, TOL. Baadhi yetu tuna hati za hisa kabatini, pamoja na picha za arusi, na hesabu za kampuni hizo hatujazifungua. Zipo kampuni ndogo ambazo siku hupita sokoni bila hisa yake hata moja kubadili mikono. Mizania zao huchapishwa kila mwaka, na wanahisa hualikwa mkutanoni, ambako viti vingi hubaki vitupu.