Paa la behewa namba 12

Tarehe 6 Juni 2025 ilitimia miaka 125 tangu simba aingie katika behewa la ukaguzi namba 12 pale stesheni ya Kima na kutoka na Charles Ryall, msimamizi wa polisi wa Reli ya Uganda. Behewa hilo lingalipo katika Jumba la Makumbusho ya Reli, mwendo mfupi kutoka Stesheni Kuu ya Nairobi. Ardhi inayolizunguka ndiyo inayogombewa macho siku hizi: mpango wa Railway City, ambao Rais William Ruto aliuzindulia ujenzi Desemba 2022, unataka kugeuza zaidi ya ekari 400 za reli kuwa sehemu mpya ya jiji. Kila mtu anazungumzia ghorofa na stesheni mpya. Mimi nataka kuzungumzia mapaa ya mabehewa ya kale, matundu yake ya hewa na feni zake, kwa sababu mbao huanza kufa kutokea juu.

Behewa la ukaguzi lilikuwa nyumba yenye magurudumu. Afisa alilala humo, alikula humo, akaandikia ripoti zake humo, na watumishi wake walikuwa na chumba chao upande mmoja. Lilifungwa kwenye treni, likaachwa kwenye reli ya pembeni pale penye kazi, kisha treni nyingine ikalichukua. Wazungu na Wamarekani wana nyumba zao za safari zinazovutwa na gari. Huku kwetu zilitangulia hizi za reli, na adha ni ileile. Paa likipigwa na jua la nyika kutwa nzima, chumba cha chini hugeuka tanuri.

Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo mafundi wa mabehewa waliitafutia mlango wa kutokea juu. Wengine waliinua sehemu ya katikati ya paa na kuitia vidirisha ubavuni. Wengine walifunga vikombe vya bati vilivyochongoka ncha zote mbili, ambavyo upepo wa mwendo ukipita juu yake hufyonza hewa ya ndani. Ni kifaa cha akili sana: hakina mota, hakina waya. Kasoro yake ni moja tu, kwamba treni ikisimama nacho kinalala. Ndani ya behewa lililosimama usiku kucha, mtu hubaki na dirisha na mlango.

Kazi ya reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, na Kisumu mwaka 1901. Hayo yamo katika vitabu vya shule. Kisa cha Kima hakisomwi sana, na anayekisimulia kwa kirefu ni J. H. Patterson, yule aliyewaua simba wawili wa Tsavo mwaka 1898, katika kitabu alichokitoa mwaka 1907. Patterson hakuwepo pale usiku ule, lakini ukisoma masimulizi yake kwa makini utaona jambo moja: simba wa Kima alikuwa bingwa wa kutafuta upenyo.

Kwanza alipanda juu ya stesheni yenyewe akajaribu kung'oa mabati ya paa, huku karani wa telegrafu akiwa chini yake akituma ujumbe wa kuomba msaada. Usiku mwingine dereva wa treni alijificha ndani ya tangi la maji la chuma, akiwa na bunduki, akitaka kumvizia. Simba akalipindua tangi, akatia mguu katika tundu la mviringo lililokuwa juu yake, akipapasa ili amvute mtu nje. Dereva yule aliponea kwa sababu tangi lilikuwa na kina, mguu wa simba haukumfikia chini.

Ndipo Ryall akaja. Alikuwa akitoka Makindu kwenda Nairobi, pamoja na wageni wawili, Huebner na Parenti. Kusikia habari za simba, aliamua walale Kima wamwinde. Behewa likasukumwa kwenye reli ya pembeni iliyotandikwa karibuni, ambayo haikuwa imekaa sawa, likasimama limeinama kidogo. Walizunguka jioni ile wasimwone mnyama. Usiku, kutoka ndani, waliona mianga miwili ikiwaka gizani bila kuyumba, wakadhani ni vijidudu vya mwanga. Huenda yalikuwa macho yake.

Ryall alishika zamu ya kwanza, kisha naye akajinyoosha kwenye kitanda cha chini. Huebner alilala kitanda cha juu, Parenti sakafuni. Simba alipanda kibaraza cha mwisho wa behewa, akausukuma mlango wa kuteleza, akaingia. Kwa kuwa behewa liliinama, mlango uliteleza tena ukajifunga nyuma yake. Akawa amefungiwa na watu watatu katika chumba kimoja. Ili kumfikia Ryall alisimama juu ya Parenti. Huebner aliruka kutoka juu, akapita juu ya mgongo wa simba kuelekea chumba cha watumishi, akakuta mlango umeshikiliwa na watumishi kutoka upande wa pili. Alilazimika kuufungua kwa nguvu. Simba akatokea dirishani na Ryall mdomoni. Parenti akatokea dirisha la upande mwingine, akakimbilia stesheni.

Mwili ulipatikana kesho yake msituni, si mbali, ukaletwa Nairobi kuzikwa. Simba baadaye alinaswa kwa mtego, akaonyeshwa kwa siku kadhaa, kisha akapigwa risasi.

Watalii husimuliwa kisa hiki kama hadithi ya mnyama. Mimi nakisoma kama hadithi ya behewa: madirisha yenye upana wa kumpitisha simba na mzigo wake, mlango usio na komeo la maana, na hewa isiyopatikana kwa njia nyingine.

Umeme ndio uliobadilisha mambo. Katika mfumo ulioenea kwenye reli nyingi za Waingereza, mkanda kutoka kwenye ekseli ulizungusha dainamo, nayo ikachaji betri zilizofungwa chini ya sakafu. Treni ikisimama, betri inaendelea. Kwa hiyo feni ilizunguka stesheni usiku, dirisha likiwa limefungwa. Abiria wa daraja la kwanza wa treni ya usiku ya Nairobi na Mombasa walilala na feni yao ndogo na beseni lao la kunawia, na wengi wanaikumbuka safari ile kwa mapenzi hadi leo.

Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977. Kampuni ya Rift Valley Railways ikachukua usukani mwaka 2006. Treni ya zamani ya abiria kwenda Mombasa ilikoma mwaka 2017, na mwisho wa Mei mwaka huohuo reli mpya, SGR, ikaanza na mabehewa yake yenye kiyoyozi.

Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1971, kwa juhudi za Fred Jordan. Wageni hukimbilia Mount Gelai, injini kubwa ya mvuke namba 5918, mojawapo ya 34 za aina yake, nao wana haki. Chuma kile kitawavumilia. Mbao zilizosimama nje hazivumilii. Paa la behewa la kale ni mbao zilizovishwa turubai na kupakwa rangi, na kila tundu la hewa ni mahali turubai ilipotobolewa. Parafujo ikipata kutu, maji huingia chini ya turubai, yakatambaa hadi kwenye mataruma ya paa, na doa linaonekana darini wakati ubao umeshaoza. Kuziba tundu kwa saruji au silikoni ni kuyafungia maji humo ndani. Kikombe cha kale hung'olewa, ubao uliooza hukatwa, kiraka cha turubai hubandikwa kwa rangi nzito, na kikombe kipya hurudishwa kwa parafujo za shaba. Feni nayo haifai kuunganishwa na umeme wa volti 240 wa nyumbani, kwa kuwa ilitengenezewa umeme wa betri. Umbo lake la kale hubaki, mota ndiyo inayobadilishwa.

Mafundi hawako mbali. Wale wa Kamukunji wanakunja bati kuwa masanduku na sufuria tangu asubuhi hadi jioni. Kikombe cha hewa hakiwezi kuwashinda. Maseremala wa Ngong Road, kuanzia Dagoretti Corner kuja upande wa Jamhuri, wanajua mbao kuliko mshauri yeyote atakayeletwa kwa ndege. Kinachokosekana ni michoro. Vipimo vya kila tundu na kila feni katika mabehewa yale vichukuliwe sasa, vihifadhiwe hapohapo makumbusho, na banda la kuyafunika liingizwe katika ramani ya Railway City kabla ramani hiyo haijajaa.