Kivuli cha Luanda Magere

Kila shujaa wa kale ana maisha mawili. Ya kwanza ni yale aliyoishi mwenyewe. Ya pili ni yale anayoishi katika vinywa vya watu baada ya kufa kwake. Maisha ya kwanza ni mafupi, nayo hukoma siku ya mauti. Ya pili huweza kudumu mamia ya miaka, leo yakiongezwa neno moja na kesho jingine, hata shujaa mwenyewe kama angefufuka asingejitambua. Kazi ya msomaji wa tarehe ni kuyatenga maisha haya mawili pasipo kudharau lolote kati yake.

Tazama mfano mmoja wa mbali. Mwaka 1579 Mwafrika mmoja aliwasili Japani pamoja na padri Alessandro Valignano. Wajapani walimwita Yasuke. Mwaka 1581 alifikishwa mbele ya Oda Nobunaga, mtawala aliyekuwa na nguvu kuliko wote nchini humo. Nobunaga alidhani weusi wa mgeni wake ni wino, akaamuru aoshwe. Alipoona kuwa rangi haitoki, alimpenda, akamweka miongoni mwa watumishi wake, akampa nyumba, posho na upanga mfupi. Mwaka uliofuata Nobunaga aliasiwa na jemadari wake mwenyewe, akafa. Yasuke aliendelea kupigana mpaka akashikwa, kisha akarudishwa kwa mapadri. Hayo ndiyo yaliyomo katika barua na kumbukumbu za wakati ule, na hata leo wataalamu hubishana kama yafaa aitwe samurai kamili. Lakini mwaka 2021 ilitolewa tamthilia ya katuni yenye jina lake, na ndani yake samurai Yasuke hupambana na wachawi na mitambo ya vita. Sanaa ina ruhusa ya kufanya hivyo, mradi mtazamaji ajue barua zinakoma wapi na katuni inaanza wapi.

Huyo ana barua za kumshuhudia. Je, shujaa asiye na barua hata moja tutamjuaje? Swali hili latuhusu sana sisi wa pwani ya Ziwa Viktoria, kwa maana shujaa wetu mkubwa ni wa namna hiyo.

Ukitoka Kisumu kuelekea mashariki, waingia katika uwanda wa Kano. Upande wa kaskazini vilima vya Nandi vimesimama mfano wa ukuta, na mto Nyando wateremka kutoka huko juu, ukapita uwandani, ukaingia ziwani. Chini wakaa Wajaluo, juu Wanandi. Kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, mpaka huu ulivukwa na watu wa mikuki waliotafuta ng'ombe, na ulivukwa vile vile na watu wa vikapu waliotafuta chakula. Hapo ndipo husimuliwa habari za Luanda Magere wa ukoo wa Sidho.

Yasemekana mwili wake ulikuwa jiwe. Jina lenyewe laashiria hivyo, kwani luanda katika Kijaluo ni mwamba. Mikuki ya Walang'o, jina ambalo Wajaluo waliwaitia jirani zao wa vilimani, ilimgonga ikapinda au ikavunjika, naye akawafukuza adui vita baada ya vita. Wazee wa upande wa pili walikaa shauri. Waliona kuwa mtu asiyeshindwa kwa mkuki yapasa ajulikane siri yake, wakamtoa binti mzuri kuliko wote, wakampeleka awe mke wa Luanda Magere na alama ya amani. Wazee wa Kano walimwonya shujaa wao, asisikie.

Siku moja Luanda Magere aliugua, na mke wake mkubwa hakuwapo nyumbani. Akamwomba bibi yule mgeni amchanje chale na kumpaka dawa. Bibi akatwaa wembe, akajaribu mara ya kwanza na ya pili, wembe haukuingia. Ndipo mgonjwa kwa kuzidiwa na maumivu akamwambia, "Chanja kivuli changu." Bibi akachanja kivuli, na damu ikatoka. Usiku ule ule alitoroka kwenda kwao. Vita vilipozuka tena, mpiganaji mmoja, badala ya kuulenga mwili, alikichoma kivuli kwa mkuki. Luanda Magere akaanguka, akafa, akawa mwamba. Jiwe lake huonyeshwa hata leo katika nchi ya Kano, na husemwa kwamba mwindaji akinoa mkuki wake hapo, hatarudi mikono mitupu.

Msomaji mpenzi, hadithi hii ni nzuri, lakini usiharakishe kuiamini yote wala kuitupa yote. Iweke kwanza kando ya hadithi nyingine. Katika pwani ya Kenya yuko Fumo Liyongo, ambaye habari zake ziliandikwa na Muhammad Kijumwa katika utenzi wa mwaka 1913. Yeye naye hakudhurika kwa silaha, isipokuwa kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa. Huko Japani nako alikuwako Taira no Masakado, aliyeasi mwaka 939 na kuuawa mwaka 940. Hadithi zilizotungwa karne nyingi baadaye zasema kuwa mwili wake ulikuwa chuma, ila panjani, tena alikuwa na watu sita waliofanana naye kabisa. Mwanamke aliyempenda ndiye aliyemfunulia adui kwamba Masakado wa kweli ni yule mwenye kivuli, kwa sababu wale sita hawakuwa nacho.

Angalia jinsi zinavyofanana! Hapana mzee wa Kano aliyesikia habari za Masakado, wala Mjapani aliyesikia habari za Luanda Magere. Hata hivyo katika zote tatu kuna mwili usiopenyeka, mahali pamoja pa siri, na mpenzi mmoja aliyeitoa siri hiyo. Sasa kwa Masakado tuna bahati ya kuwa na kitabu cha kale kinachoeleza vita vyake, kiitwacho Shomonki. Chasemaje? Chasema kwamba upepo uligeuka katikati ya mapigano, mshale ukampata, akafa. Hakimtaji mwanamke aliyemsaliti. Mwanamke huyo alizaliwa baadaye, katika kinywa cha msimulizi.

Kwa nini msimulizi amzae? Kwa sababu watu waliompenda shujaa hawawezi kukubali kwamba adui alikuwa hodari kuliko yeye. Kusema "alisalitiwa" hupunguza uchungu na huilinda heshima. Basi panapokuwa na usaliti katika hadithi ya shujaa, mwanafunzi wa tarehe aulize kama anasoma tukio au anasoma kilio.

Usidhani kwa hiyo kuwa hadithi ya Luanda Magere haina kitu. Yatufundisha mengi, nayo yafundisha pale isipojisifu. Watu hawapendi kubuni kushindwa kwao wenyewe. Ikiwa Wajaluo wa Kano wanakiri kwamba shujaa wao aliangushwa, yaelekea kushindwa kwa namna fulani kulikuwako kweli. Tena hadithi yaeleza kuwa adui waliweza kufanya amani kwa kuoana, na wasikilizaji hawakustaajabu. Maana yake ni kwamba ndoa za kuvuka mpaka zilikuwa jambo la kawaida. Mambo ya namna hii ndiyo wataalamu waliyotafuta katika masimulizi. Profesa Bethwell Allan Ogot aliwasikiliza wazee, akalinganisha maneno yao, akatoa mwaka 1967 kitabu chake juu ya tarehe ya Wajaluo wa kusini, akathibitisha kwamba watu wasio na maandishi si watu wasio na tarehe.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Igeuze hadithi, uisikilize kutoka juu ya vilima. Huko binti yule si msaliti. Ni mtu aliyekwenda peke yake katika nyumba ya adui, akaokoa nchi yake. Wala Wanandi hawana upungufu wa msiba wa kusalitiwa. Tarehe 19 Oktoba 1905 kiongozi wao Koitalel arap Samoei alikwenda kukutana na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, kwa mazungumzo ya amani, akauawa papo hapo. Usaliti huo haukubuniwa na msimulizi; umeandikwa. Ajuaye kilio cha Kano anaweza kukielewa kilio cha Nandi.

Kutoelewa kuna hasara. Mwezi Oktoba 1991 mapigano yalizuka katika shamba la Miteitei, kwenye mpaka ule ule wa milima na uwanda, yakaenea sehemu nyingine. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, majirani wa miaka mingi wakakimbiana. Sisemi kwamba hadithi ya kale ndiyo iliyowasha moto huo. Siasa na ardhi zilikuwa na sehemu yao kubwa. Nasema kwamba mtoto aliyelelewa akiambiwa kuwa mke atokaye mlimani ni mpelelezi, siku ya fitina huwa mwepesi wa kuamini.

Kwa hiyo, utakapoketi na babu yako akakusimulia habari za Luanda Magere, msikilize kwa adabu mpaka mwisho, kisha umwulize mambo matatu: aliisikia kwa nani, huyo aliisikia kwa nani, na jirani zetu wa vilimani wao wasemaje. Mawili ya kwanza atayajibu kwa furaha. La tatu pengine litamnyamazisha, na hapo itakubidi upande mlima, ukaulize mwenyewe.