Kiti cha Magurudumu: Aketiye Ndiye Ajuaye

Leo tunazungumza nawe mama au mlezi unayemtunza mtoto asiyeweza kutembea, au mzee aliyeishiwa na nguvu za miguu. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Historia ya kiti cha magurudumu inathibitisha msemo huo.

Zamani viti hivi vilikuwa vizito, na vingi vilitengenezwa ili mgonjwa asukumwe na mtu mwingine. Mnamo mwaka wa 1933, nchini Marekani, mhandisi Herbert Everest, aliyekuwa ameumia mgongo katika ajali ya mgodini, alitaka kiti ambacho angeweza kukiweka ndani ya gari. Yeye na rafiki yake Harry Jennings, mhandisi pia, wakaunda kiti cha mabomba ya chuma kinachokunjika. Wakaanzisha kampuni, na kiti cha aina hiyo kikaenea katika hospitali nyingi duniani.

Kiti hicho kilifaa sakafu laini. Katika njia ya kijijini, magurudumu madogo ya mbele huzama matopeni au hugonga jiwe, na aliyeketi huanguka kifudifudi. Kikivunjika, vipuri ni shida kupata.

Mwaka wa 1966, kijana Mmarekani aitwaye Ralf Hotchkiss alipata ajali ya pikipiki akapooza miguu. Naye akawa mhandisi wa viti. Mwaka wa 1980 alisafiri hadi Nicaragua, Amerika ya Kati, akakuta vijana wanne waliopooza wakitumia kiti kimoja kwa zamu. Kwa kukitengeneza kila kilipoharibika, vijana hao walikuwa wamejua udhaifu wake wote. Hotchkiss akaketi nao, wakaanza kuunda kiti kipya pamoja.

Kazi hiyo ikaenea nchi nyingi, na kila mahali watumiaji wakaongeza maarifa yao. Magurudumu ya mbele yalisogezwa mbele zaidi ili kiti kisipinduke. Kutoka Zimbabwe likaja gurudumu pana la mpira lisilozama mchangani. Tairi za nyuma zikawa kama za baiskeli, na fremu ikawa ya chuma ambacho fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza. Mjini Kampala, Uganda, wanawake wenye ulemavu walijifunza kuchomelea vyuma na kuunda viti wenyewe. Hapa Kenya, chama cha APDK, kilichoanzishwa mwaka wa 1958, kimekuwa na karakana ya viti jijini Nairobi.

Mwaka wa 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu viti vya magurudumu. Mwongozo huo unasema mtumiaji apimwe, kiti kirekebishwe kimfae, afundishwe kukitumia, kisha afuatiliwe. Sababu ni nzito: kiti kisichomfaa mtu humletea vidonda vya mgandamizo, na vidonda hivyo vikioza vinaweza kuua.

Kwa hivyo, mama, kiti kikiletwa nyumbani, hata kama ni cha msaada, usishukuru tu ukanyamaza. Muulize mtoto: "Panakuuma wapi? Miguu inafika pa kukanyagia?" Asiyeweza kusema, mtazame uso anapokalishwa. Kila jioni kagua matako, mgongo na visigino vyake. Ukiona ngozi imebadilika rangi, ina joto au imevimba, usimkalishe tena juu ya sehemu hiyo, na umpeleke kituo cha afya mapema. Hakikisha kiti kina mto mzuri, na mtoto ainuliwe au asogezwe mara kwa mara.

Nyanya naye aulizwe. Je, anaweza kufunga breki mwenyewe? Kiti kinapita mlango wa choo? Anaposema, "Mjukuu wangu, hiki kinanichosha," usidhani ni ukaidi wa uzee. Mpelekee fundi maneno hayo jinsi alivyoyasema, au afadhali umpeleke nyanya mwenyewe, wazungumze ana kwa ana. Everest na wale vijana wa Nicaragua walianza kwa malalamiko kama hayo.