Fundi Asiyepanda Matatu

Anayefika sokoni Daraja Mbili, mjini Kisii, huuza ndizi zake, kisha hupitia saiba kulipa kodi au kuomba cheti kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kompyuta ikigoma hapo, foleni nzima inasimama. Fundi akiwa Keroka au Nyamira, nauli yake inatoka mfukoni mwa mwenye saiba.

Njia moja ya kumleta fundi huyo bila nauli ilianzia Cambridge, Uingereza. Watafiti wa maabara ya Olivetti walibuni VNC, programu inayompelekea mtu wa mbali picha ya skrini na kupokea kila anachobonyeza. Mwaka wa 1998 waliitoa bure pamoja na msimbo wake, wengine wakaiendeleza. Ndipo zikazaliwa TightVNC na UltraVNC. Ukarimu huo haujasifiwa vya kutosha.

Kisii haikufaidi upesi. Intaneti ya Kenya ilikuja kwa setilaiti, ghali na ya kusuasua, hadi nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka wa 2009. Hata baada ya hapo palikuwa na kizuizi kingine: kompyuta nyingi hutumia anwani moja ya intaneti, kwa hivyo fundi aliye nje hawezi kuifikia moja kwa moja ile anayoitaka. TeamViewer, iliyoanza Ujerumani mwaka wa 2005, iliweka seva katikati. Kompyuta zote mbili huunganishwa kupitia seva hiyo. Mwenye saiba humsomea fundi nambari na nywila kwa simu, na kazi inaanza. AnyDesk, ya Ujerumani pia, ilifuata mwaka wa 2014.

Hata hivyo, zote mbili ni bure kwa matumizi binafsi tu. Saiba ni biashara, na programu ikishuku hivyo inaweza kukata mawasiliano kazi ikiwa nusu. Remote Desktop ya Windows yenyewe nayo haipokei fundi kwenye toleo la Home, ambalo ndilo limejaa madukani. Ndiyo maana ningemwelekeza mwenye saiba kwa RustDesk: hutumia nambari vivyo hivyo, msimbo wake uko wazi, na leseni yake haizuii biashara.

Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2018 inaharamisha kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini, lakini nambari ukiitoa mwenyewe umeshafungua mlango. Ndugu mwenye saiba, ukipigiwa simu na "fundi" ambaye hukumwita, usimsomee nambari hiyo.