Mweka Hazina wa Bwana

Fungueni Luka 12:48, mahali Bwana anaposema juu ya mtu aliyekabidhiwa vingi.

Henry Thornton alizaliwa mwaka 1760 huko Clapham, karibu na London, katika jamaa ya matajiri. Alipokua akawa mwenye benki. Mwaka 1782 alitaka kugombea kiti cha Bunge mjini Hull, akaambiwa kwamba huko kila mpiga kura amezoea kupewa sarafu mbili za dhahabu. Thornton akajitoa. Mwaka uo huo akasimama Southwark. Huko nako alikataa kununua kura, lakini watu wakamchagua, naye akakaa Bungeni mpaka alipofariki mwaka 1815.

Kabla ya kuoa mwaka 1796, alikuwa akitoa sadaka sehemu 6 kati ya 7 za mapato yake. Yeye na ndugu yake wa ukoo, William Wilberforce, walishindana na biashara ya watumwa kwa miaka mingi, hata Bunge likaipiga marufuku mwaka 1807. Na CMS ilipoanzishwa mwaka 1799, Thornton ndiye aliyekuwa mweka hazina wake wa kwanza. Hakuiona Afrika kamwe. Lakini mwaka 1844 CMS ilimleta Krapf Mombasa, na kutoka pwani mbegu ile ikaenea hata kufika huku kwetu Eldoret.

Ndugu zangu, hakuwa malaika. Aliongoza kampuni iliyowapeleka Sierra Leone watu weusi waliotoka utumwani. Walikuwa wameahidiwa ardhi bila kodi. Baadaye kampuni ikawadai kodi, na mwaka 1800 baadhi yao wakaasi. Sisi wa Uasin Gishu twajua uchungu wa mtu aliyeahidiwa shamba kisha akageukwa. Basi tujifunze: sadaka kubwa haifuti ahadi iliyovunjwa. Mungu hutazama mkono unaotoa, hutazama pia mkono unaodai.

Msikilizaji mpendwa, pengine wasema, "Mimi sina benki." Ni kweli. Lakini unayo magunia ya mahindi baada ya mavuno. Unaye kibarua anayengoja mshahara wake. Unayo kura. Wakati wa uchaguzi, mtu akija usiku na noti mkononi au pakiti ya sukari, utamjibu nini? Thornton alikuwa tayari kukosa kiti kuliko kumnunua mtu. Je, wewe u tayari kulala bila sukari kuliko kununuliwa?

Tuombe. Ee Bwana, vyote tulivyo navyo ni vyako. Utufundishe kutoa bila kujisifu, kulipa tunachodaiwa, na kutimiza tuliyoahidi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.