Vipodozi vya kwenye filamu: Namna ya kuvitambua na cha kusoma kabla ya kununua

FILAMU inapoonyeshwa katika kibanda cha video mjini Bariadi, macho ya watazamaji hayamfuati mwigizaji peke yake. Huifuata pia chupa ya manukato iliyo juu ya meza yake, kopo la losheni lililo kando ya kioo na rangi ya mdomo anayoitoa mkobani.

Baadhi ya vitu hivyo hutafutwa madukani baadaye kwa kueleza umbo tu, au kwa kutaja jina lililosikika nusu. Kwa sababu hiyo mtazamaji anahitaji kujua mambo mawili: namna ya kukitambua kipodozi kwenye filamu, na yale ambayo filamu haiwezi kumweleza.

Alama za kutambua

Alama ya kwanza ni umbo la chupa. Kampuni za manukato hubuni chupa ili ijulikane hata bila kusomwa jina. Chanel No. 5, manukato ya Ufaransa ya mwaka 1921, yanajulikana kwa chupa ya mstatili isiyo na nakshi. L'Air du Temps ya Nina Ricci, ya mwaka 1948, inatambulika kwa kizibo chenye umbo la njiwa wawili.

Alama ya pili ni maneno ya wahusika. Katika The Silence of the Lambs ya mwaka 1991, mfungwa Hannibal Lecter, aliyeigizwa na Anthony Hopkins, ananusa hewa kupitia matundu ya kioo cha selo. Kisha anamtajia mpelelezi Clarice Starling krimu anayopaka, na manukato ya L'Air du Temps ambayo siku hiyo hakujipulizia. Katika Scent of a Woman ya mwaka 1992, Al Pacino anaigiza kanali kipofu anayeyatambua manukato ya wanawake kwa pua.

Alama ya tatu ni orodha ya majina mwishoni mwa filamu, ambako wafadhili hushukuriwa. Hata hivyo, si kila kopo linaloonekana limelipiwa. Mengine huwa ni mali ya nyumba iliyoazimwa, na mara nyingine lebo hugeuziwa ukutani ili bidhaa isitangazwe bure.

Filamu za nyumbani nazo zina meza hiyo hiyo. Tangu enzi za Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, na kazi za marehemu Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, mkoa uliokuwa na Bariadi ndani yake hadi Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012, kioo na vipodozi vimetumika kuonyesha maisha ya mjini na uwezo wa fedha.

Kisichoonekana

Filamu haionyeshi kilichomo ndani ya kopo. Chupa iliyo mbele ya kamera yaweza kujazwa maji. Ung'avu wa ngozi ya mwigizaji nao unaweza kutokana na taa, poda na marekebisho ya rangi wakati wa uhariri.

Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Usimamizi wa vipodozi ulikuwa chini ya TFDA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, kabla ya kuhamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019.

Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini pia hupenya mwilini na kudhuru figo na mishipa ya fahamu. Mtoto anayebebwa na mama aliyejipaka krimu hiyo naye hufikiwa na sumu. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu yaweza kuacha madoa meusi usoni, kinyume kabisa cha kilichotafutwa.

Kabla ya kulipa

Tahadhari ina uzito zaidi katika msimu wa mauzo ya pamba, fedha zinapoingia mikononi mwa wakulima wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega.

Mnunuzi aangalie jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Maneno mercury, calomel au hydroquinone yakiwapo kwenye lebo, bidhaa hiyo irudishwe rafuni. Onyo la kutogusisha krimu na dhahabu, fedha au aluminiamu nalo ni dalili ya zebaki, kwa kuwa zebaki huyaharibu madini hayo.

Losheni iliyochanganywa dukani, maarufu kwa jina la mkorogo, haina lebo ya kusomwa, hivyo mnunuzi hana njia ya kujua anachojipaka.

Umbo la chupa laweza kukumbukwa kutoka kwenye filamu. Kilichomo husomwa dukani, penye mwanga wa kutosha, kabla fedha hazijatoka mfukoni.