Ungamo na Gharama Yake: Maisha na Kazi za Mwanariwaya Shimazaki Toson (1872–1943)

Ikisiri

Makala hii inachunguza maisha na kazi za Shimazaki Toson, mmoja wa waasisi wa riwaya ya maungamo nchini Japani. Kwa kulinganisha *Hakai* (1906) na *Shinsei* (1918–1919), inaoneshwa kwamba ungamo la kifasihi ni tendo la ukweli na pia ni tendo la mamlaka: mwenye kalamu ndiye huamua siri ya nani itajwe, kwa maneno gani na wakati gani. Makala inahitimisha kwamba unyofu wa mwandishi hautoshi kuwa kipimo cha ungamo; ni lazima pia iulizwe ni nani aliyelipa gharama yake.

1.0 Utangulizi

Utanzu ambao Wajapani huuita *shishosetsu*, na ambao katika makala hii unaitwa riwaya ya nafsi, hutumia maisha halisi ya mwandishi kuwa malighafi ya kazi, na wasomaji huisoma wakilijua hilo. Jina hilo lilienea katika miaka ya 1920, lakini utanzu wenyewe ulikuwa umekwisha kuchipuka. Aghalabu wahakiki huanzia na *Futon* ya Tayama Katai (1907), inayosimulia habari za mwandishi wa makamo aliyemtamani mwanafunzi wake wa kike.

Mageuzi hayo ya kifasihi yalitanguliwa na mageuzi ya lugha. Hadi miaka ya 1880, Kijapani cha maandishi kilikuwa mbali sana na kile cha mazungumzo. Vuguvugu la kuoanisha lugha hizo mbili, lililopata sura ya kiriwaya katika *Ukigumo* ya Futabatei Shimei (1887–1889), liliwapa waandishi nathari nyepesi iliyoweza kubeba mambo ya moyoni. Mhakiki Karatani Kojin ameshikilia kwamba hapakuwa na nafsi ya ndani iliyokuwa ikisubiri kufichuliwa. Utaratibu wa kuungama ndio ulioizaa. Hoja hiyo ina uzito, ila inamtazama zaidi anayeungama. Maisha ya Toson yanalazimisha swali la pili, linalowahusu wale wanaotajwa ndani ya ungamo la mtu mwingine.

2.0 Malezi na Mwelekeo wa Mwandishi

Toson, ambaye jina lake halisi ni Shimazaki Haruki, alizaliwa mwaka 1872 huko Magome, katika bonde la Kiso. Ukoo wake ulikuwa umesimamia kituo cha wasafiri katika njia kuu ya milimani kwa vizazi kadhaa. Baba yake, mfuasi wa mafundisho ya kizalendo ya Hirata Atsutane, aliyatarajia makuu kutokana na Mapinduzi ya Meiji ya 1868, akavunjika moyo, akarukwa na akili, na mwaka 1886 akafa akiwa amefungiwa. Siri na aibu, kwa hiyo, vilikuwa sehemu ya urithi wa nyumba hiyo.

Akiwa mwanafunzi wa Meiji Gakuin, Tokyo, alibatizwa mwaka 1888, ingawa baadaye alijitenga na kanisa. Alisoma pia *Maungamo* ya Rousseau, na mwaka 1909 aliandika kwamba alijiona mwenyewe ndani ya kitabu hicho. Kabla ya kuingia katika riwaya alikuwa mshairi; diwani yake *Wakanashu* (1897) ilimpa sifa kubwa.

3.0 *Hakai*: Ungamo Linalomgharimu Anayeungama

*Hakai*, maana yake kuvunja amri, inamhusu Segawa Ushimatsu, mwalimu anayetokana na jamii ya burakumin. Jamii hiyo ilitengwa kwa vizazi vingi kutokana na kazi kama vile uchinjaji na utengenezaji wa ngozi. Amri ya serikali ya 1871 ilifuta hadhi hiyo kisheria, lakini ubaguzi uliendelea katika ndoa, ajira na makazi. Baba yake Ushimatsu alimwamuru asiitaje asili yake kamwe. Hatimaye mwalimu huyo anawaambia wanafunzi wake ukweli, akapiga magoti na kuwaomba radhi, kisha anajiandaa kwenda Texas.

Ndani ya riwaya hiyohiyo yumo Inoko Rentaro, mwanaharakati anayeitangaza asili hiyohiyo hadharani bila kumwomba mtu radhi, na anayeuawa. Tofauti kati ya wahusika hao wawili ni ya msingi. Rentaro anatoa tangazo. Ushimatsu anatoa ungamo, na ungamo huchukulia kwamba pana kosa. Kwa kupiga magoti, Ushimatsu anaukubali msamiati wa wanaombagua hata katika saa ya kujikomboa.

Suala hilo la msamiati lilijitokeza tena nje ya riwaya. Suiheisha, chama cha ukombozi wa burakumin kilichoundwa mwaka 1922, kiliwataka watu wake wajivunie asili yao. Katika toleo la 1939 maneno ya dharau yalibadilishwa. Matini ya awali ilirejeshwa mwaka 1953. Kwa wanaoshughulikia sera za lugha, historia hii inaonesha kwamba kubadili istilahi hakufuti uhusiano wa kijamii ulioizaa, na kwamba matini iliyosafishwa inaweza kupoteza thamani yake ya ushahidi.

Gharama ya *Hakai* ilianzia nyumbani. Toson aliacha ualimu huko Komoro na kuichapisha riwaya mwenyewe kwa fedha za mkopo, huku familia ikiishi kwa dhiki. Kati ya 1905 na 1906 mabinti zake watatu walifariki.

4.0 *Shinsei*: Ungamo Linalomgharimu Mwingine

Mke wa Toson alifariki mwaka 1910 baada ya kujifungua. Binti wa kaka yake, msichana aliyekuwa akikaribia miaka 20, alikuja kusaidia malezi. Toson aliingia naye katika uhusiano wa kimwili, naye akapata mimba. Mwaka 1913 Toson alikwenda Ufaransa, na akiwa njiani alimwandikia kaka yake kumweleza yaliyotokea. Kaka huyo aliamua kuificha habari. Toson alirejea mwaka 1916, na uhusiano ukaanza upya.

Mwaka 1918 alianza kuyasimulia hayo katika gazeti la *Tokyo Asahi Shimbun*, kwa majina ya kubuni ambayo hayakuficha lolote kwa waliowajua wahusika. Kaka yake alivunja undugu naye. Msichana alipelekwa Taiwan kwa jamaa. Mwandishi alibaki na jina lake, na riwaya ikachapishwa kuwa kitabu. Akutagawa Ryunosuke alimshutumu mhusika mkuu wa *Shinsei* kwa unafiki.

Shutuma hiyo inalenga unyofu, lakini tatizo lina kina zaidi. Hata kama Toson alisema kweli tupu, siri aliyoitoa haikuwa yake peke yake. Ushimatsu alipoungama, alipoteza kazi na makazi yake mwenyewe. Toson alipoungama, alijipatia nafasi ya kuanza upya, kama jina *Shinsei*, yaani maisha mapya, linavyotangaza. Msichana alipoteza haki ya kunyamaza. Sauti yake ilisikika mwaka 1937 tu, alipoeleza upande wake katika jarida la wanawake, akiwa tayari ameingia katika ufukara. Wakati huo mwandishi alikuwa rais wa kwanza wa PEN ya Japani, na alikuwa amekamilisha *Yoake mae* (1929–1935), riwaya ya kihistoria inayotokana na maisha ya baba yake. Toson alifariki mwaka 1943 huko Oiso.

5.0 Hitimisho

Historia ya Toson haitoi sababu ya kuikataa riwaya ya nafsi. *Hakai* ilileta katika nathari ya kisasa dhuluma ambayo wengi walipendelea isitajwe, na *Yoake mae* imebaki miongoni mwa kazi muhimu kuhusu Mapinduzi ya Meiji. Inachokataza ni kulichukua ungamo kuwa ushahidi uliokamilika. Mtafiti anayeitumia *Shinsei* kama chanzo cha kihistoria bila simulizi ya 1937 anakuwa amekubali hukumu iliyoandikwa na upande mmoja wa shauri. Vivyo hivyo, sera za uchapishaji na uhifadhi wa tawasifu zinapaswa kuwatengea nafasi wanaotajwa, kwa kuwa jina la kubuni peke yake halikumlinda mtu aliyekuwa dhaifu kuliko wote katika nyumba hiyo.